Maziwa ya Nyayo na siku 12 za Baba

"Profesa, naishi Nakuru na nina miaka 50. Mwaka 1987, nikiwa na miaka 12, baba yangu, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alichukuliwa usiku na watu wasiovaa sare. Alirudi baada ya siku 12, amekonda, miguu imevimba. Hakutuambia alikokuwa, nasi hatukuuliza. Krismasi iliyopita tukiwa mezani na wageni, kijana wangu wa chuo kikuu akasema enzi za Moi zilikuwa afadhali: kulikuwa na nidhamu, watoto walipewa maziwa ya bure shuleni, na ukisema Rais kila mtu alijua ni nani. Nikamfokea mbele ya watu. Lakini kilichonimaliza ni Baba mwenyewe. Alitabasamu, akasema, 'Maziwa yalikuwa mazuri kweli.' Siku Moi alipoondoka madarakani niliona kwa televisheni akizomewa. Siku alipozikwa nikaona watu wakimlilia. Hapo katikati kulitokea nini? Historia itamhukumu lini? Ama ni mimi ninayetia chumvi?"

Dada yangu, kwanza uprofesa niondolee. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia wa hapa Kisumu, niliyezunguka miaka mingi na kinasa sauti nikiwasikiliza wazee. Pili, hutii chumvi. Siku 12 ni siku 12. Ila kijana wako naye hakusema uongo, na ugumu wa swali lako uko hapo, maana ungependa mmoja wenu awe amekosea ili moyo utulie.

Wengi wanaoniletea swali kama hili hudhani historia ni hakimu. Kiongozi anatoka ofisini, faili linafungwa, miaka inapita, kisha hakimu anasimama na kusoma hukumu. Nimemngoja huyo hakimu tangu ujana wangu na bado sijamwona. Ninachokiona ni watu wanaosimuliana. Kiongozi akishatoka, jina lake ni mzigo uliotuliwa njiani, na kila apitaye huchukua anachoweza kubeba. Kisichopata mbebaji hubaki pale pale mpaka majani yakakifunika.

Sasa hebu tuone nani alibeba nini. Maziwa ya Nyayo, hayo ya bure shuleni yaliyopewa jina la kaulimbiu ya Moi, yalianza kugawiwa mwaka 1979, mwaka mmoja tu baada ya Moi kushika urais. Nilikuwa mwalimu kijana upande wa Ahero. Lori likisikika likinguruma barabarani, hesabu ilikuwa imekwisha siku hiyo, hata ufanyeje. Watoto walipanga foleni, mmoja baada ya mwingine, akipewa yake anang'ata pembe ya pakiti kwa meno na kunyonya papo hapo. Lori likichelewa na jua la Kano likapiga, maziwa yaliganda, na watoto wakayapeleka nyumbani yakanywewa kama mala. Hakuna kilichotupwa. Ninayo harufu yake puani mpaka leo ninapokuandikia. Na kwa umri wako, dada, wewe mwenyewe uliyanywa.

Mamilioni ya watoto walipita kwenye foleni hizo, na kila mmoja alikuja kuwa mbebaji. Hakuhitaji kuandika kitabu. Alihitaji tu kuwa na mtoto ambaye siku moja angemuuliza, "Mama, nyinyi shuleni mlikuwa mnakula nini?"

Siku 12 za baba yako zilikuwa na mbebaji mmoja, naye alinyamaza. Wala hakunyamaza kwa bahati mbaya. Mambo yale yalipangwa yasiwe na shahidi. Waliokamatwa tangu 1986 katika msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, wengi wao walimu, wahadhiri na wanafunzi, walisimulia baadaye jinsi walivyofungwa kitambaa machoni, wakazungushwa kwa gari wasijue waendako, kisha wakawekwa vyumbani gizani, wengine wakasimama ndani ya maji. Vyumba vya chini vya Nyayo House, Nairobi, vilikuja kuonyeshwa hadharani mwaka 2003. Jengo ni lile lile ambalo wananchi hupanga foleni kutafuta pasipoti, na jina ni lile lile lililokuwa kwenye maziwa. Nikilifikiria hilo huwa nakosa la kusema. Neno moja, Nyayo, mtoto analisikia analamba midomo; mwingine analisikia miguu inamwuma.

Kwa hiyo mwanao alipokea mzigo uliomfikia. Ule mwingine haukumfikia kwa sababu nyumbani kwenu haukuwahi kutolewa sandukuni. Silaumu. Nyumba nyingi ziko hivyo, na kwa wakati ule kunyamaza kulikuwa njia ya kuwalinda watoto wasije wakaropoka shuleni.

Kuna kosa lingine ningependa tulisahihishe, la kudhani vijana wanaosifia enzi za Moi wamelipwa au ni wajinga. Fanya hesabu ndogo. Sensa ya 2019 ilitukuta Wakenya milioni 47.6, na robo tatu kati yetu walikuwa chini ya miaka 35. Aliyekuwa chini ya miaka 35 mwaka ule hakuwa amezidi miaka 18 Moi alipokabidhi madaraka Desemba 2002. Huyo hamkumbuki Moi; anakumbuka utoto wake, au wa mama yake. Na hata sisi wakubwa tusijivune. Wanasaikolojia wameona kwamba mambo yanayotuganda zaidi akilini ni yale ya kati ya miaka 10 na 30 hivi. Mzee akikuambia zamani kulikuwa raha, mara nyingi anayasifia magoti yake yalipokuwa hayaumi.

Juu ya hilo, mtu akimtaja kiongozi wa zamani, mara nyingi anamsema wa sasa. Nenda Mumias ukamsikilize mkulima wa miwa. Kiwanda kilianza kusaga mwaka 1973, Kenyatta akiwa madarakani, kikastawi miaka ya Moi, kisha kikadorora mpaka kikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa na madeni, mwaka 2019. Mkulima anayekuambia "wakati wa Moi tulilipwa" hazungumzii demokrasia wala mahabusu. Anazungumzia karo ya shule aliyoshindwa kulipa juzi. Mtoe Moi katika sentensi yake, uweke "wakati ule", na maana haitabadilika hata kidogo. Nadhani kijana wako naye, ukimwuliza kwa upole, utakuta analia na kazi zisizopatikana.

Unaniuliza kulitokea nini kati ya 2002 na 2020. Tarehe 30 Desemba 2002, Uhuru Park, umati ulimzomea Moi na kumrushia matope, yeye ameketi tu. Tarehe 12 Februari 2020 akazikwa Kabarak, hapo karibu na kwenu, kwa heshima zote za kijeshi. Katikati yake kulikuwa na ghasia za baada ya uchaguzi, mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, laki kadhaa wakahama makwao, na Nakuru, Naivasha na Kisumu zikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Wengi waliokuwa wameamini kwamba shida yote ilikuwa mtu mmoja waligundua mtu huyo ameondoka na shida imebaki. Hapo jina la Moi likaanza kupanda bila yeye kufanya lolote. Aliketi tu Kabarak akizeeka, na wanasiasa wa kila upande wakawa wanapiga foleni kwenda kumsalimia. Hata Raila Odinga, aliyekaa kizuizini kwa miaka mingi chini ya utawala wake, alikwenda huko mwaka 2018. Picha ya mzee ameshika fimbo, mgeni ameinama kumpa mkono, inafuta mengi. Sijui kama inafaa ifute, lakini inafuta.

Kisha kuna msiba wenyewe. Kwetu marehemu hasemwi vibaya mbele ya jeneza, kwa hiyo usichukue yanayosemwa matangani kama ushahidi wa kumbukumbu. Ni adabu. Wabukusu wana namna yao ninayoiheshimu sana: mzee akishazikwa, hualikwa msemaji wa kumuse, mtu aliyezaliwa katika ukoo wenye kipawa hicho, naye husimama mbele ya watu, akitembea huku na huko, akieleza ukoo wa marehemu, historia ya jamii, yaliyonyooka na yaliyopinda, na kuwaonya walio hai. Taifa letu halina kumuse ya marais. Tuna hotuba za viongozi, na kila kiongozi anayehutubia anajua zamu yake nayo yaja.

Lakini hata tukisema "kumbukumbu ya Moi", hakuna moja. Fuata reli ya zamani kutoka hapo kwenu Nakuru kuja huku kwangu. Nakuru utamsikia mwenye shamba Kabarak, mjenzi wa shule, aliyewapa watu kazi. Ukipita Elburgon na Molo sauti zinashuka, kwa sababu mapigano ya 1992 yalichoma nyumba pande hizo, na watu hawajasahau nani alikuwa Ikulu. Treni inateremka Londiani, Fort Ternan, inafika Koru. Hapo Koru, Moi ni kilima kimoja tu, Got Alila, ambako mwili wa Robert Ouko, waziri wake wa mambo ya nje, ulikutwa Februari 1990. Nilishawahi kumhoji mama mmoja wa pande hizo kuhusu bei za miwa. Nilipolitaja jina la Rais wa wakati ule, hakujibu. Aligeuza uso tu, akautazama mlima. Nikazima kinasa sauti. Ukifika mwisho wa reli, Kisumu, wazee watakuambia habari za Jaramogi Oginga Odinga, baba yake Raila na mpinzani mkongwe wa serikali, kuzuiwa nyumbani kwake baada ya jaribio la mapinduzi la 1982. Mtu mmoja, reli moja, safari ya siku moja.

Na Kisumu ina deni lake na Kenyatta pia, ambalo ni somo zuri kuhusu majina. Tarehe 25 Oktoba 1969 Kenyatta alikuja kufungua hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Kulizuka majibizano kati yake na Jaramogi, umati ukachafuka, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja watu 11 waliokufa. Wenyeji hutaja idadi kubwa zaidi. Hospitali hiyo imebadilishwa jina rasmi zaidi ya mara moja na leo ina jina la Jaramogi. Lakini toka hapo stejini, umwambie wa boda, "Nipeleke Russia," atakufikisha mlangoni bila kuuliza. Kibao kinasema hiki, midomo inasema kile. Na ajabu ni kwamba uwanja wetu mpya wa Mamboleo unaitwa Jomo Kenyatta. Tunaujaza, tunashangilia mpira, na hakuna anayedhani kwa hilo tumemaliza ule ubishi wa 1969.

Ndiyo maana sikupi matumaini makubwa kuhusu mabango, likizo na sarafu. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, ikaifanya Kenyatta Dei kuwa Siku ya Mashujaa, na Moi Dei ya tarehe 10 Oktoba ikaachwa nje ya orodha. Mahakama ikairudisha mwaka 2017 kama likizo, baadaye ikaitwa Siku ya Utamaduni, sasa ni Siku ya Mazingira. Tunapanda miti. Pale Accra, Nkrumah, rais wa kwanza wa Ghana, alipopinduliwa mwaka 1966 sanamu yake ilibomolewa. Leo imesimama tena katika bustani ya kaburi lake, haina kichwa, na kichwa chenyewe kimewekwa kando kwenye nguzo yake. Waghana hawakukigundisha. Mimi naona walifanya vyema kuliko wengi wetu.

Turudi kwa Baba. Sentensi yake ilikuumiza kwa sababu uliisikia kama msamaha, au kama usaliti wa maumivu yake mwenyewe. Nimesikia sentensi za namna hiyo kwa wazee wengi walioteseka, na sijawahi kuzisikia hivyo. Kumbuka alikuwa mwalimu. Yeye ndiye aliyekuwa akiwagawia watoto zile pakiti. Anaposema maziwa yalikuwa mazuri, pengine anaiona foleni ya wanafunzi wake, kazi aliyoipenda kabla ya usiku ule. Hiyo ni mali yake, na hakuna aliyemnyang'anya. Tena alikuwa mezani, Krismasi, wageni wapo, mjukuu ametahayari. Babu yeyote angemwokoa mjukuu wake hapo.

Sasa ufanye nini? Ukiamua kubishana na kijana kwa takwimu, utashinda ubishi na utampoteza yeye. Ukinyamaza, baba yako atazikwa na siku zake 12, na hilo naliogopa zaidi, maana umri wake ndio huo. Kuna njia ya tatu, lakini ina masharti. Mwulize Baba kwanza kama yuko tayari, faraghani, nyinyi wawili. Akisema hapana, basi ni hapana. Kunyamaza kwake ni haki yake, na nimewaona watoto wakimkamua mzee mpaka akaugua.

Akikubali, usianze na "walikufanya nini". Anza na vitu. Alikuwa amevaa nini usiku ule? Nani alifungua mlango? Aliporudi alianza kula chakula gani? Mambo makubwa hujileta yenyewe nyuma ya madogo. Msizidishe saa moja kwa siku. Mzime redio, na mhifadhi nakala mbili za sauti mahali tofauti. Kama kuna barua ya kurudishwa kazini, kadi ya hospitali, au hati yoyote ya miaka ile, ipigeni picha kabla mchwa hawajaifikia. Hifadhi ya Taifa ina ofisi ya kumbukumbu hata hapo Nakuru. Nenda mwenyewe, uwaulize wana faili gani za shule na utawala wa wilaya za wakati ule. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano nayo ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 kabla ya kukabidhi ripoti Mei 2013. Someni pamoja sehemu inayohusu watu kukamatwa na kuteswa. Wazee wengine huanza kusema wakishaona kwamba hawakuwa peke yao.

Kuna mawili ambayo mimi kwa barua siwezi. La kwanza: kama Baba hushtuka usiku, hujifungia, hutetemeka akiona watu wa sare, au akianza kusimulia kisha hali ikawa mbaya, simamisheni mara moja na mwende kwa mshauri wa kisaikolojia ana kwa ana, katika hospitali ya kaunti au kupitia kanisa lenu kama lina mtu aliyesomea. Jeraha la miaka karibu 40 halifunguliwi jikoni. La pili: kama mnawaza fidia, tafuteni wakili kabla ya kufanya lolote. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia waathiriwa 21 wa Nyayo House, na wengine walifuata, lakini kesi nyingine zimetupwa kwa sababu ya kuchelewa kufikishwa kortini. Yeyote atakayekuahidi pesa kabla ya kuziona karatasi zenu, mkimbieni.

Na kijana wako? Mwombe msamaha kwa kumfokea mbele ya wageni. Hilo lilikuwa kosa lako, si la Moi. Kisha siku Baba atakapokuwa tayari, huyo kijana ndiye ashike simu ya kurekodi na ndiye aulize maswali. Babu na mjukuu wana lugha yao. Wewe kaa jikoni, chemsha chai, na uiweke maziwa mengi.